Barabara Isiyofika: Habari za Namba 480 ya San Francisco

Wamarekani ni watu wa namba. Nyumba ina namba, mtu ana namba, na barabara, hata iwe fupi kiasi gani, lazima iwe na yake. Barabara ninayotaka kuieleza hapa ilikuwa namba 480, na leo ukiitafuta kwenye ramani ya jimbo la California huioni ng'o. Mwaka 1991 ilibomolewa, na wakubwa wa jimbo wakaiondoa kwenye daftari lao la barabara, kama mtendaji wa kijiji anavyokata jina la marehemu kwenye orodha ya kodi. Ilikuwa imeishi miaka 32 tu. Kwa barabara, huo ni utoto.

Tena ilikuwa fupi ajabu. Kipande chake kilichopata umaarufu hakikufika hata kilomita tatu. Mtu mwenye afya angekimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini kwa ajili ya kipande hicho watu waligombana zaidi ya miaka 30, madiwani walipigiana kelele, meya mmoja akapoteza kiti chake, na mtaa mzima wa wafanyabiashara ukaona umetupwa. Ndiyo maana naona inafaa tuizungumze. Barabara ndefu zimekwisha kusifiwa vya kutosha.

Kwanza tuione mahali yenyewe. San Francisco ni mji uliokaa kwenye ncha ya rasi, bahari magharibi na ghuba mashariki. Upande wa ghuba kuna ufuko unaoitwa Embarcadero, neno la Kihispania lenye maana ya mahali pa kupandia chombo. Sisi tungesema bandarini, au dikoni. Sehemu kubwa ya ardhi ya hapo si ardhi ya Mungu. Ni kifusi. Dhahabu ilipogunduliwa California watu walimiminika kwa meli kuanzia 1849, mabaharia wenyewe wakatoroka kwenda kuchimba, na meli nyingi zikaachwa zikioza majini. Basi maji yakafukiwa pamoja na baadhi ya meli hizo, mji ukasogea mbele. Kifusi hicho msomaji ukishike vizuri, maana kina kazi yake huko mbele.

Katikati ya Embarcadero limesimama Jengo la Vivuko, Ferry Building, lililofunguliwa 1898. Lina mnara wenye saa, urefu wa mita 75 hivi, na husemwa kwamba mchoraji wake, A. Page Brown, aliuiga mnara wa Giralda ulioko Sevilla, Hispania. Giralda nayo, kabla ya kuwa mnara wa kengele za kanisa, ilikuwa mnara wa msikiti uliojengwa na Waislamu wa Andalusia katika karne ya 12. Kwa hiyo mwadhini wa zamani ana mjukuu wake San Francisco, ingawa sidhani kama wengi wanaopita hapo wanalijua hilo.

Zamani hakukuwa na njia nyingine ya maana ya kuingia mjini kutoka ng'ambo isipokuwa kivuko. Pantoni zilikuja na kuondoka kutwa, na jengo lile lilikuwa miongoni mwa vituo vya abiria vyenye shughuli nyingi kuliko vyote duniani. Kisha yakaja madaraja mawili: la Bay, lielekealo Oakland, lilifunguliwa Novemba 1936, na la Golden Gate likafuata Mei 1937. Watu wakahamia kwenye magari. Mwaka 1958 pantoni ya mwisho ya kampuni ya reli ikaacha kazi. Jengo likabaki na saa yake.

Hapo ndipo wahandisi walipoona upenyo. Mji una madaraja mawili, moja linaingia upande wa mashariki na jingine linatoka kaskazini, na kati yake ni mitaa yenye vilima, taa na foleni. Kwa nini yasiunganishwe kwa barabara moja isiyo na makutano, gari liingie huku litokee kule bila kukanyaga breki? Kwenye karatasi ni wazo safi kabisa. Na pesa zilikuwepo. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya barabara kuu za nchi, ambayo kwa kila dola 100 za ujenzi serikali kuu ilitoa 90 na jimbo 10. Ukiambiwa toa kumi upewe tisini, utakataa? California haikukataa.

Hapo ndipo namba ilipokuja. Barabara kuu namba 80 inaanzia San Francisco na kuvuka nchi nzima hadi karibu na New York. Matawi yake yalipewa tarakimu tatu, na tarakimu hizo zina siri yake: ile ya kwanza ikiwa shufwa, tawi linatazamiwa kuungana na barabara kuu pande zote mbili, ikiwa witiri, tawi linaweza kwenda kuishia mahali. Nne ni shufwa. Kwa hiyo 480 ilikuwa ahadi, kwamba itafika. Haikufika kamwe.

Iliyojengwa ilikuwa barabara ya ghorofa mbili, zege tupu, magari yanakwenda juu na magari yanarudi chini yake, yote yakiwa yameinuliwa kwa nguzo kandokando ya ghuba. Ilianzia karibu na Daraja la Bay, ikapita mbele ya Jengo la Vivuko, karibu kabisa, ikaenda kushukia mtaa wa Broadway. Ilifunguliwa 1959. Na watu walipoiona imesimama, wakashika vichwa. Mtu aliyekuwa akitembea mtaa wa Market, njia kuu ya mji, macho yake yalikuwa yakiishia kwenye mnara na maji nyuma yake. Sasa yaligonga ukuta wa zege wenye ngurumo, na saa ya mnara ikachungulia juu yake kama mtoto mfupi nyuma ya umati.

Wengi huandika habari hii kana kwamba watu walichukia barabara kwa sababu ya sura tu. Mimi siafiki. Sura ilikuwepo, lakini kulikuwa na ramani pia. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuichapa, na ilionyesha kwamba hii ya Embarcadero ni kidole kimoja tu cha mkono mkubwa: barabara za aina hiyo zingepita katikati ya mitaa ya watu, kwenye bustani ya Golden Gate, kila pembe. Kina mama wa nyumbani, walimu, wenye maduka, watu ambao hawakuwahi kuhudhuria kikao chochote, wakaanza kujaza kumbi na kuandika barua. Mmoja wao alikuwa Sue Bierman, mkazi wa mtaa wa Haight, ambaye baadaye alikuja kuwa diwani mwenyewe. Wahandisi wa jimbo walikuja na vijiti vyao vya kuonyeshea ramani, wakaongea habari za idadi ya magari kwa saa. Wananchi wakauliza, na nyumba yangu je?

Januari 1959, barabara yenyewe ikiwa bado mbichi, Baraza la Madiwani la San Francisco lilipiga kura kuzikataa barabara saba kati ya kumi zilizopangwa. Jambo hilo halikuwa la kawaida. Miji mingine ya Marekani wakati huo ilikuwa ikizipigia magoti pesa za barabara, na hii San Francisco inazirudisha! Wapinzani hawakulala, mapendekezo yakarudi kwa majina mengine, mikutano ikafanyika tena, hadi 1966 baraza lilipokataa kwa mara nyingine, kwa tofauti ya kura moja. Pesa nyingi za serikali kuu zikaenda kwa wengine. Walioita jambo hilo wazimu hawakuwa wachache, na wala hawakuwa wajinga.

Matokeo kwa namba 480 yalikuwa ya kuchekesha na kusikitisha. Upande wa mashariki kulikuwa na kile kipande cha ghorofa. Upande wa kaskazini-magharibi kulikuwa na Doyle Drive, njia ya kuingilia Daraja la Golden Gate, ambayo ilikuwepo tangu 1937 na kwenye karatasi ikahesabiwa kuwa sehemu ya barabara hiyohiyo. Katikati hapakuwa na kitu. Kichwa huku, mkia kule, kiwiliwili hakuna. Katikati ya miaka ya 60 serikali kuu iliiondoa kwenye orodha ya barabara za nchi nzima, na 1968 ikawa rasmi Barabara ya Jimbo Namba 480. Namba ileile, cheo pungufu. Pale ilipokuwa iendelee mbele ya Broadway paliachwa vigutu vya zege vimetokeza hewani, kama mkono wa mtu aliyetaka kusalimiana akanyimwa mkono.

Lakini ngoja. Barabara isiyofika si lazima iwe barabara isiyotumika. Ilibeba zaidi ya magari 60,000 kwa siku, na njia yake ya kushukia Broadway ilimwacha mtu hatua chache kutoka Chinatown, mtaa wa Wachina. Hapo wenye mahoteli ya chakula na maduka ya samaki, mboga na dawa za miti walikuwa wamekwisha kuizoea na kuipenda. Mteja anatoka Oakland Jumapili na familia yake, Wachina wenzao waliohamia ng'ambo, anavuka daraja, anapanda ghorofa, dakika chache yuko mezani. Kumbe kile kilichokuwa chukizo kwa mtu wa mtaa wa Market kilikuwa riziki kwa mtu wa mtaa wa Stockton. Ndipo unapoona kwamba neno "wananchi" ni pana mno. Kila mtu analitumia akiwa na watu wake moyoni.

Ndiyo maana miaka ya 80, madiwani walipotaka ibomolewe, jambo lilipelekwa kwa wapiga kura, na 1986 wapiga kura wakasema hapana, iacheni. Usishangae. Ni mji uleule, pengine hata watu ni walewale waliolalamika. Ubaya ukishakaa miaka 27 unakuwa sehemu ya ratiba ya mtu. Waliogopa foleni.

Basi ikafika tarehe 17 Oktoba 1989, saa kumi na moja na dakika nne jioni. Watu wengi walikuwa wamewahi kurudi nyumbani au wako kwenye vilabu vya pombe, maana timu mbili za eneo hilohilo, ya San Francisco na ya Oakland, zilikuwa zinacheza fainali ya besiboli, mchezo wa tatu, na runinga zimewashwa. Ardhi ikatikisika kwa sekunde 15 hivi. Kiini cha tetemeko kilikuwa mbali, karibu kilomita 100 kusini, kwenye milima ya Santa Cruz, na ukubwa wake ulipimwa 6.9. Watu 63 walikufa.

Kati yao 42 walifia mahali pamoja. Oakland, ng'ambo ya ghuba, kulikuwa na barabara nyingine ya ghorofa mbili, iliyoitwa Cypress, ndugu wa damu wa ile ya Embarcadero: ilifunguliwa 1957, michoro inashabihiana, nguzo namna ileile. Ghorofa ya juu ilidondoka juu ya ile ya chini. Kasoro ilikuwa kwenye maungio ya nguzo. Nondo zilizowekwa hapo zilikuwa chache, na wahandisi wa miaka ya 50 hawakuwa bado wamejua vizuri jinsi zege linavyopasuka likisukwasukwa. Halafu chini yake udongo ulikuwa laini, tope la ghuba, ambalo huongeza mtikisiko badala ya kuupunguza. Waliokimbilia kuokoa kwanza hawakuwa askari. Walikuwa majirani wa West Oakland, wengi wao Wamarekani weusi, waliopanda kwa ngazi na kamba kuwatoa watu kwenye magari. Na barabara hiyo ndiyo iliyokuwa imepitishwa katikati ya mtaa wao miaka 30 nyuma na kuukata vipande viwili. Jambo hili mimi hulifikiria sana kuliko mambo ya mandhari.

Ya Embarcadero haikudondoka. Ilipata nyufa, ikafungwa. Lakini sasa kila aliyeitazama aliiona Cypress, na kila mtu alijua imesimama juu ya nini: juu ya kile kifusi. Tetemeko likiwa karibu zaidi, je? Hakuna mhandisi aliyetaka kuapa.

Meya wakati huo alikuwa Art Agnos. Aliingia madarakani Januari 1988, na Wachina wa mji walikuwa miongoni mwa waliompa nguvu. Sasa akasimama na kusema ibomolewe, tuchukue ufuko wetu. Chinatown ikawaka moto. Tangu barabara ifungwe biashara ilikuwa imeshuka, meza za hoteli ziko tupu, wafanyakazi wanapunguzwa saa. Wenye maduka wakaandamana, wakiongozwa na watu kama Rose Pak, mwanamke aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa msemaji wa wafanyabiashara, mwenye ulimi usioogopa mheshimiwa yeyote. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ikarabatiwe, iimarishwe, ifunguliwe. Wanaozungumzia uzuri wa bahari hawali bahari.

Wapo waandishi wanaowachora wafanyabiashara hao kama watu waliong'ang'ania zege bovu kwa ajili ya vijisenti. Naona ni kuwaonea. Mtu mwenye ofisi ghorofa ya 20 akipoteza barabara anapata mandhari. Mwenye duka la bata wa kuchoma akipoteza barabara anapata hasara, na hakuna aliyekuwa na jibu kamili la lini na vipi atafidiwa. Hata hivyo nao hawakuwa sawa kuhusu barabara yenyewe. Kuiimarisha kungegharimu mamilioni, na bado ingekuwa ni jengo la mashaka juu ya ardhi ya mashaka.

Mwaka 1990 madiwani 11 walipiga kura. Sita walisema ibomolewe, watano walikataa. Kura moja tena! Februari 1991 matingatinga na nyundo kubwa zikaanza kazi mbele ya umati. Mwaka huohuo namba 480 ikafutwa katika sheria za barabara za jimbo. Na Desemba, kwenye duru ya pili ya uchaguzi, Agnos akaangushwa na Frank Jordan aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa mji, kwa tofauti ndogo. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, ila Chinatown iliyompandisha haikuwa naye tena, na kwenye tofauti ndogo mtaa mmoja unatosha.

Foleni kubwa iliyotabiriwa? Haikuja kama ilivyotabiriwa. Hilo lilishangaza wengi. Wenye magari wengine walipita mitaa mingine, wengine wakapanda treni inayopita chini ya ghuba, wengine wakabadili saa za safari. Mahali pa ghorofa pakawekwa barabara ya chini yenye mitende, na tramu za zamani zilizokarabatiwa zikaanza kupita hapo hadi upande wa wavuvi mwaka 2000. Jengo la Vivuko lilikarabatiwa, likafunguliwa upya 2003 na masoko ndani yake, na pantoni zikarudi. Njia ya waenda kwa miguu ikapewa mwaka 1996 jina la Herb Caen, mwandishi wa safu ya gazeti aliyependa kutenganisha habari zake kwa nukta tatu, na jina rasmi la njia likawekewa nukta tatu mwishoni! Kipande kilichokuwa na vishukio vya barabara sasa ni bustani, na inaitwa kwa jina la Sue Bierman, yule mama wa Haight. Sasa bei ya nyumba maeneo ya hapo ni jambo jingine kabisa. Usiniulize, nitaharibu makala.

Kule Oakland wananchi wa West Oakland walikataa Cypress isijengwe tena palepale. Walishinda. Barabara mpya ilizungushwa kandokando ya mtaa, ikaanza kutumika 1997, na pale ilipodondoka ile ya zamani palipandwa miti katikati ya njia pana, iliyokamilishwa 2005. Inaitwa Mandela Parkway. Sisi wa Dar es Salaam tuna Mandela yetu, iliyojaa malori ya bandarini na vumbi la saruji. Yao ina nyasi. Jina ni la mzee yuleyule.

Ile Doyle Drive, mkia wa 480 uliobaki, ilihesabiwa chini ya namba nyingine, 101. Nayo ilizeeka, ikaonekana ni ya hatari, ikabomolewa. Njia mpya badala yake ilikamilika 2015, nayo inapita kwenye mahandaki chini ya nyasi. Kwa hiyo hata karatasi ya zamani haina tena kitu cha kuonyesha.

Ikabaki deni la Chinatown. Baada ya barabara kuondolewa, Rose Pak na wenzake hawakuacha kulidai: mmetunyima njia ya juu, tupeni ya chini. Miaka ikapita, mameya wakabadilika, michoro ikachorwa na kuchorwa upya, uchimbaji ukaanza, na wenye maduka wakalalamika tena, safari hii kwa sababu ya mashimo na uzio wa ujenzi. Pak alifariki 2016. Reli ya chini ya ardhi iliyogharimu karibu dola bilioni 2 ilifunguliwa Novemba 2022, kwanza kwa siku za mwisho wa juma tu, kisha kila siku kuanzia Januari 2023. Kituo chake cha mwisho kipo chini ya mtaa wa Stockton, na kwenye ubao kimeandikwa Chinatown–Rose Pak. Kutoka siku tingatinga la kwanza lilipogonga nguzo hadi treni ya kwanza kubeba abiria ilikuwa imepita miaka 31, muda ambao karibu unalingana na umri wote wa barabara yenyewe.